Ruth First: maswali ambayo watu wanauliza sana kuhusu mwandishi aliyeuawa kwa bahasha Maputo

Kwani Ruth First ni nani hasa?

Ni mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, mwanamke mzungu, kazaliwa Johannesburg tarehe 4 Mei 1925, na karibu maisha yake yote ya kazi aliandika kitu kilekile kwa namna tofauti tofauti: nani anafanya kazi, nani anakula jasho lake, na ni sheria gani inamfunga yule mfanyakazi asiweze kuondoka. Makaburu walifungia magazeti yake moja baada ya lingine, wakampiga marufuku kuandika, wakamweka kizuizini siku 117, akaishia uhamishoni, alafu tarehe 17 Agosti 1982 wakamuua kwa bomu la bahasha chuo kikuu Maputo. Alikuwa na miaka 57.

Watu wengi wakisikia jina lake wanakumbuka bomu tu, au wanasema "si yule mke wa Joe Slovo?" Inaniuma kila nikisikia hivyo, maana bomu ni dakika moja ya maisha yake na ndoa ilikuwa ya wawili, ila zile ripoti aliandika mwenyewe kwa mkono wake.

Wewe Mtanzania, inakuhusu nini?

Babu yangu mzaa mama alitoka Unyakyusa akaenda Wenela, ile kampuni iliyokuwa inaandikisha watu kwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini, enzi hizo kabla ya Uhuru. Alirudi na sanduku, blanketi na kikohozi ambacho hakikumwachia mpaka anakufa. Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunieleza ile kazi ilikuwaje, mshahara ulipigwaje, kwanini walikuwa wanarudishwa kwao kila mkataba ukiisha badala ya kuhamia kule na familia zao. Majibu niliyapata kwa huyu mama. Kwahiyo hapa siandiki kama mtu wa nje anayeangalia tu.

Mtu mweupe alifuata nini kwenye vita ya weusi?

Hili linaulizwa kuliko yote. Wazazi wake, Julius na Matilda (walimwita Tilly), walifika Afrika Kusini wakiwa watoto wadogo kutoka Latvia na Lithuania, familia za Kiyahudi, na wote wawili wakaingia Chama cha Kikomunisti tangu mwanzo wake mwaka 1921. Wakati ule hicho ndicho kilikuwa chama ambacho mweusi, mweupe na Mhindi wanakaa kikao kimoja na kuitana ndugu, kwahiyo Ruth alikulia kwenye nyumba ambayo hayo mambo yalikuwa ya kawaida, na alipotoka nje ya geti akakuta nchi nzima inaishi kinyume chake.

Akaenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand (Wits), akamaliza shahada 1946. Pale Wits miaka hiyohiyo alikuwepo Nelson Mandela anasoma sheria, na Ismail Meer, na J.N. Singh, vijana waliokuwa wanakaa usiku kucha wanabishana siasa.

Lakini mimi sidhani ni chuo wala wazazi. Nadhani ni Agosti 1946. Alikuwa ameajiriwa kitengo cha utafiti Halmashauri ya Jiji la Johannesburg, kazi ya ofisi, alafu wachimbaji weusi wa dhahabu zaidi ya 60,000 wakagoma wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi wakaingia na bunduki na virungu, wakaua watu wasiopungua 9, wengine wakapandishwa kutoka chini ya ardhi kwa kipigo. Ruth akaacha kazi ya jiji, akaenda kusaidia mgomo, kuchapa vipeperushi na kuvisambaza. Mgomo ulivunjwa ndani ya wiki moja. Yeye hakurudi tena ofisini, akaingia kwenye gazeti.

Alikuwa anaandikia gazeti gani? Mbona kila mahali wanataja jina tofauti?

Kwasababu ni gazeti moja lenye majina mengi. Lilianza kama The Guardian, la kila wiki, makao makuu Cape Town, na Ruth ndiye alikuwa anaendesha ofisi ya Johannesburg. Serikali ikalifungia 1952, wakatoka na The Clarion, alafu People's World, alafu Advance, likafungiwa 1954, wakatoka na New Age, likafungiwa 1962, wakatoka na Spark, hilo likaishia 1963 kwasababu sasa walipigwa marufuku waandishi wenyewe, yani hata kama jina la gazeti lingekuwepo hakuna mkono wa kuliandika. Kuanzia 1955 alikuwa pia mhariri wa jarida la kila mwezi lililoitwa Fighting Talk.

Wasomaji wake walikuwa watu wa mitaani, wafanyakazi, na wauzaji walikuwa wanalibeba mkononi kwenye vituo vya treni na wanakamatwa nalo.

Hii stori ya viazi vya Bethal ni ya kweli?

Ni ya kweli, na kama ukisoma kitu kimoja tu kuhusu Ruth basi kiwe hiki.

Bethal ni mji wa mashamba mashariki mwa Transvaal ya zamani, siku hizi mkoa wa Mpumalanga, viazi mbatata kwa ekari na ekari. Wenye mashamba walikuwa hawapati vibarua kwasababu hakuna mtu mwenye akili zake anayekwenda kwa hiari kwenye kazi ile. Sasa wakawapataje? Kupitia pasi. Ndugu zetu wa Kenya wataelewa haraka nikisema kipande, ni kitu kilekile, karatasi ambayo mwanaume mweusi lazima atembee nayo na ikikosekana ni jela. Mtu anadakwa Johannesburg hana pasi, au pasi ina kasoro, anaambiwa chagua, ufikishwe mahakamani au usaini mkataba ukafanye kazi. Wengi hawajui kusoma kilichoandikwa pale, wanaweka dole gumba, wanapakiwa kwenye lori, na familia nyumbani haijui kama baba kafa au yuko wapi.

Mwaka 1947 Ruth alikwenda Bethal na mchungaji wa Kianglikana, Michael Scott. Gert Sibande, mtu wa ANC (chama cha ukombozi cha weusi) wa hukohuko ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kibarua wa shamba na watu wakamuita Simba wa Mashariki, alikuwa ameshaanza kukusanya habari za yale mashamba muda mrefu. Walichokuta: watu wanafungiwa usiku kwenye mabanda kama mifugo, nguo zao zimechukuliwa ili wasitoroke na badala yake wamevaa magunia yaliyotobolewa sehemu ya kichwa na mikono, wasimamizi wana viboko na mbwa, na viazi vinachimbuliwa kwa mikono mitupu. Wakaandika. Nchi ikatikisika, wenye mashamba wakaitisha mkutano wa hasira pale Bethal kumkabili Scott, serikali ikatoa ahadi ya kuchunguza.

Na mambo yakaendelea vilevile. Hapa ndipo namheshimu Ruth zaidi, kwasababu ripota wengi stori ikishatoka wanahamia nyingine, yeye alirudi na kurudi. Miaka 12 baadae, 1959, New Age bado inaandika Bethal, safari hii pamoja na kesi mahakamani za familia zinazodai ndugu zao warudishwe kutoka mashambani, na ANC ikatangaza kususia viazi. Watu waliacha kula viazi na chipsi miezi kadhaa, nchi ambayo viazi ni chakula cha maskini cha kila siku. Mitaani ikaenea kwamba viazi vya Bethal vina umbo la binadamu kwasababu vibarua waliokufa walizikwa humohumo mashambani. Unaweza kusema ni uvumi, lakini uvumi ule ulikuwa unasema ukweli wa lile shamba.

Sisi Tanganyika tulikuwa na manamba kwenye mkonge, kwahiyo mzee yeyote wa Tanga ukimsomea ripoti ya Bethal hahitaji maelezo marefu.

Kupigwa marufuku kulikuwaje? Si angeandika kwa siri tu?

Waziri anasaini karatasi, hakuna kesi, hakuna hakimu, na kuanzia siku hiyo huruhusiwi kuhudhuria mikutano, huruhusiwi kutoka eneo fulani, na baadae wakaongeza huruhusiwi kuchapisha chochote na mtu mwingine akikunukuu ni kosa lake. Ruth alishiriki kuandaa Mkataba wa Uhuru, lile tamko la madai ya wapinga ubaguzi wa rangi zote, uliopitishwa Kliptown Juni 1955, na siku yenyewe hakuweza kwenda kwasababu ya marufuku.

Desemba 1956 wakakamatwa watu 156 kwa kesi ya uhaini, yeye na mumewe wote wamo, Mandela yumo, Luthuli rais wa ANC yumo. Kesi ikavutwa mpaka Machi 1961 na waliokuwa wamebaki wote wakaachiwa. Katikati hapo ikatokea Sharpeville, 21 Machi 1960, polisi wakaua watu 69 waliokuwa wanapinga pasi, hali ya hatari ikatangazwa, mumewe akakamatwa, Ruth akakimbilia Swaziland na watoto mpaka mambo yalipotulia kidogo. Akarudi, akaenda Namibia huku polisi wa usalama wanamfuata kila kona, na akatoa kitabu kuhusu nchi ile mwaka 1963.

Siku 117 zilikuwa za nini?

Mei 1963 ilipitishwa sheria ya siku 90. Polisi wanaweza kumchukua mtu yeyote na kumfungia peke yake siku 90 bila mashtaka, bila wakili, bila mgeni, na zikiisha wanaweza kuanza kuhesabu upya. Julai 11 wakavamia shamba la Lilliesleaf pale Rivonia, ambapo viongozi wa mapambano walikuwa wanakutana kwa siri, wakawakamata akina Walter Sisulu na Govan Mbeki wa ANC. Ruth alikuwa anajua shamba lile na alishafika. Joe Slovo alikuwa ameshatoka nje ya nchi mwezi uliotangulia.

Ruth alikamatwa 9 Agosti 1963 akiwa maktaba ya Wits. Alikuwa anasoma kozi ya ukutubi kwasababu uandishi umeshakatazwa, fikiria ripota wa aina ile anajifunza kupanga vitabu ili apate riziki. Anatajwa kuwa mwanamke mweupe wa kwanza kuwekwa kizuizini chini ya sheria ile. Wakampeleka kituo cha Marshall Square, baadae wakamhamisha gereza la Pretoria, wakamrudisha tena.

Hakupigwa. Watu wanaliuliza hili kama vile bila kipigo hakuna mateso. Chumba kimoja, kitanda, Biblia, ukuta, na hakuna mtu wa kuongea naye isipokuwa wale wanaokuja kumhoji, yani mpaka anafika mahali anaanza kusubiri mahojiano kwasababu angalau ni sauti ya mtu. Siku ya 90 wakamwambia kaachiwa. Akafungasha vitu vyake, akatoka kwenda kupiga simu nyumbani waje kumchukua, na palepale nje askari wakamkamata upya.

Hapo ndipo alipovunjika. Alianza kutoa maelezo, akidhani ataweza kuwapa yale tu wanayoyajua tayari na yeye ajifunze wanajua nini, alafu akagundua hawezi kuudhibiti ule mchezo na kwamba akiendelea atawataja wenzake. Akasimama, akakataa kuendelea, na kwa hofu na aibu ya kufikiri kwamba amewasaliti akajaribu kujiua. Alinusurika. Desemba wakamwachia, hawakumfungulia mashtaka yoyote.

Naandika hili waziwazi kwasababu yeye mwenyewe aliliandika waziwazi, kwenye kitabu alichokitoa 1965 akiwa London, 117 Days. Angeweza kabisa kuandika stori ya shujaa asiyetetereka, hakuna shahidi wa kumpinga. Badala yake alijichunguza kama alivyochunguza mashamba ya Bethal, akaonyesha ile sheria inafanya kazi vipi ndani ya kichwa cha mtu. Kwa watu wengi waliowekwa kizuizini baada yake, na hata sisi kwenye nchi zetu huru tulikuwa na sheria za kizuizini, kile kitabu kilikuwa kama mtu anakushika mkono gizani.

Ni kweli aliwatelekeza watoto wake?

Watoto walikuwa watatu, Shawn, Gillian na Robyn, mkubwa ana miaka 13 mama anapokamatwa. Bibi yao Tilly ndiye aliyebaki nao. Shuleni waliteseka, nyumbani simu inalia usiku, polisi wanapekua, na wazazi wana siri ambazo mtoto haruhusiwi kuziuliza. Mabinti wenyewe wakiwa wakubwa walisema maumivu hayo bila kuficha, Gillian kaandika kitabu, Shawn akaandika mswada wa filamu iliyotoka 1988 inayomhusu binti wa mama kama huyo. Kwahiyo sitasema hawakuumia.

Ila neno kutelekeza silikubali. Machi 1964 alipoondoka Afrika Kusini aliondoka kwa kibali cha kutorudi, na aliondoka na mabinti zake. Na mbona swali hili halijawahi kuulizwa kuhusu Joe? Baba alikuwa nje ya nchi wakati huohuo na watu wanamwita kamanda. Mama akifanya kazi ileile anaulizwa nani alikuwa anawapikia watoto.

Na Joe Slovo ni yupi?

Wakili, mkomunisti, mmoja wa viongozi wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC. Walioana 1949. Baada ya 1994 alikuwa Waziri wa Makazi kwenye serikali ya Mandela, akafariki Januari 1995. Walipendana na walibishana sana, mfano mwaka 1968 Warusi walipoingiza vifaru Czechoslovakia, Ruth alipinga waziwazi, Joe wakati ule bado alikuwa mtiifu kwa msimamo wa chama.

Alikuwa mwanachama wa ANC?

Miaka yote ya hamsini hapana, kwasababu ANC ilikuwa inapokea Waafrika tu, weupe walikuwa na chombo chao, Congress of Democrats, na Ruth alikuwa mmoja wa waanzilishi. Mlango ulifunguliwa kwenye mkutano wa ANC uliofanyika Morogoro, ndio Morogoro yetu hii, Aprili 1969. Pale ndipo ilipoamuliwa watu wa rangi nyingine waweze kujiunga, ingawa kwenye kamati kuu ilibidi wasubiri mpaka 1985.

Ana uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Mkubwa kuliko watu wanavyojua.

Kenya kwanza. Tawasifu ya Jaramogi Oginga Odinga, Not Yet Uhuru, iliyotoka 1967, Ruth ndiye aliyeifanyia kazi pamoja na mzee, kupanga, kuhariri, kuchimba nyaraka. Wakati ule Jaramogi alikuwa ameshaachana na serikali ya Kenyatta na anaongoza chama cha upinzani. Ruth alishafanya kazi kama hiyo kwa hotuba na maandishi ya Mandela na kwa kitabu cha Govan Mbeki kuhusu uasi wa wakulima, wote hao wakiwa jela. Hii kazi ya mhariri watu hawaioni, mara nyingi jina haliko kwenye jalada, lakini bila yeye sauti za wazee hao tusingezisikia vile tunavyozisikia leo.

Tanzania: miaka ya sabini, wakati akiwa mhadhiri Durham Uingereza, alikuja kufundisha kwa muda pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mlimani ya miaka ile ilikuwa moto, wasomi kutoka dunia nzima wanabishana ujamaa, ukoloni mamboleo, nani mnyonyaji na nani mnyonywaji.

Alafu kuna Eduardo Mondlane, na hili kila nikilifikiria nakaa kimya kidogo. Mondlane naye alisoma Wits, serikali ya Makaburu ikamfukuza nchini 1949. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam Juni 1962, yeye akawa rais wake wa kwanza, na tarehe 3 Februari 1969 akafungua kifurushi palepale Dar, ndani kuna kitabu, na ndani ya kitabu kuna bomu. Chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake. Na ndani ya chuo hichohicho chenye jina la Mondlane, miaka 13 baadae, Ruth First akafungua bahasha yake.

Mbona aliwakosoa pia viongozi wa Kiafrika? Si aliwapa Makaburu maneno ya kusema?

Mwaka 1970 alitoa kitabu kinene kuhusu mapinduzi ya kijeshi, kwa mifano ya Ghana, Nigeria na Sudan hasa, akauliza kwanini jeshi linaweza kuchukua nchi asubuhi moja na hakuna anayetoka mtaani kuizuia. Jibu lake kwa kifupi ni kwamba wakoloni waliacha dola ambayo haijasimama juu ya watu, na waliorithi viti wakapigania viti badala ya kuwajengea watu nguvu yao wenyewe. Wapo waliochukia. Mimi naona angenyamaza angekuwa mwongo, maana huwezi kuhesabu mshahara wa kibarua wa Kaburu alafu ukafumba macho kwa kibarua wa nchi huru. Alitaka Uhuru ufanye kazi, na ndio maana alipopata nafasi ya kwenda kufanya kazi ndani ya nchi iliyotoka tu kupata uhuru aliikimbilia.

Maputo alikuwa anafanya nini? Si wanasema alikuwa mpiganaji wa msituni?

Alikuwa mkurugenzi wa utafiti, Kituo cha Mafunzo ya Kiafrika, Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, chini ya Aquino de Bragança. Silaha hakuna. Alianza na mradi wa 1977 kuhusu wachimba migodi wa Msumbiji, yani Wenela ileile ya babu yangu, ila kwa Msumbiji ilikuwa kubwa mno. Karibu karne nzima kusini ya Msumbiji ilikuwa inamwaga wanaume wake kwenye dhahabu ya Johannesburg. Mwaka 1975, mwaka wa uhuru, walikuwa zaidi ya 100,000, na ndani ya miaka miwili migodi ikawapunguza mpaka kama 40,000, vijiji vikabaki havina pesa na havina kilimo kwasababu vizazi vitatu vimekwenda migodini.

Walichofichua ni namna mshahara ulivyokuwa unapita. Sehemu ya malipo ya mchimbaji ilikuwa inazuiwa mpaka arudi kwao, na Afrika Kusini ikawa inalipana na Wareno kwa dhahabu kwa bei rasmi ya chini, Wareno wanaiuza bei ya soko, wanabaki na tofauti. Mchimbaji analipwa kwa pesa ya makaratasi. Serikali mbili zinafaidi juu ya mgongo mmoja.

Na njia yake ya kufundisha ilikuwa ileile ya ripota. Wanafunzi wake wengine walikuwa watumishi wa serikali na watu wa viwandani, hakuwaacha darasani, aliwapeleka kwenye bandari ya Maputo kuongea na vibarua, kwenye mashamba ya chai Zambezia, kwenye pamba Nampula. Uliza, hesabu, rudi, andika, mpelekee anayefanya maamuzi. Kwa Makaburu, Msumbiji inayojua kwa takwimu namna ya kujinasua kutoka kwenye uchumi wao ilikuwa hatari, na sidhani ni sahihi kusema waliomuua hawakujua wanaua nini.

Siku ya bomu ilikuwaje?

Jumanne, 17 Agosti 1982. Kituo kilikuwa kimetoka tu kumaliza mkutano wa wasomi wa sayansi ya jamii. Alichukua barua zake, akafungua bahasha akiwa na wenzake. Alikufa hapohapo. Aquino de Bragança, Pallo Jordan na Bridget O'Laughlin waliokuwa naye walijeruhiwa. Aquino alipona, alafu Oktoba 1986 akafa na Rais Samora Machel wa Msumbiji kwenye ile ndege iliyoanguka Mbuzini.

Waliomuua walifungwa?

Hapana. Craig Williamson, jasusi wa polisi wa usalama aliyekuwa amejipenyeza miaka mingi kwenye mashirika ya wapinga ubaguzi huko Ulaya, alikiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, ile iliyokuwa inawapa msamaha waliosema ukweli wote kuhusu makosa yao ya kisiasa ya enzi za ubaguzi, pamoja na Roger Raven aliyetengeneza bomu. Walikiri pia bomu la Lubango, Angola, Juni 1984, lililomuua Jeanette Schoon, mpinga ubaguzi aliyekuwa uhamishoni, na binti yake Katryn mwenye miaka 6. Mabinti wa Ruth walikwenda kwenye vikao wakapinga, wakasema huyu hajasema ukweli wote na kumuua mwandishi na mtoto sio kitendo cha kisiasa. Mwaka 2000 wakapewa msamaha wote wawili. Williamson hata hakuwa na jibu moja kuhusu bahasha ilimlenga nani, Joe au Ruth, kana kwamba ni sawa tu.

Najua sababu za ile tume na najua Afrika Kusini ilikuwa inaogopa damu. Bado mimi upande wangu niko na mabinti.

Kaburi lake liko wapi, na nianze kusoma nini?

Kazikwa Maputo, makaburi ya Llanguene, karibu na wale wapiganaji wa ANC waliouawa na makomando wa Afrika Kusini pale Matola Januari 1981. Serikali ya Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi ilitoa jina lake kwa meli ya doria ya kulinda samaki.

Kusoma, anza na 117 Days, ni kifupi na utakimaliza. Alafu tafuta kile cha wachimbaji wa Msumbiji, Black Gold, kilichotoka 1983 yeye akiwa ameshakufa. Usiruke kurasa za nyimbo. Alpheus Manghezi alikwenda vijijini akarekodi wachimbaji na wanawake waliobaki nyumbani, na Ruth akaziacha nyimbo hizo zikae katikati ya majedwali ya mishahara, wanawake wanaimba mwanaume aliyekwenda na hajarudi, pesa isiyofika, shamba linalolimwa na mikono miwili. Bibi yangu alikuwa na wimbo wa namna hiyo, kwa Kinyakyusa, anaimba akipepeta mchele, na hakuna aliyeurekodi.